Samaki Anayekula Mboga

Kwetu Katanga mutoto akisema anakwenda kuloba samaki, kila mutu anajua atachimba wapi: nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapopita, ndipo minyoo minono inapokaa. Mwenye kukosa munyoo anachukua kipande cha bukari ya jana, anakifinyanga kidogo kama kidonge cha dawa, anakiweka ku ndoano. Hakuna mutu aliyepoteza siku nzima juu ya chambo. Kazi ilikuwa samaki mwenyewe.

Huku ninakokaa sasa nilikuta samaki moja ambaye kwake mambo yamegeuka. Kumuvua ni kazi ya saa mbili ao tatu. Kutafuta chambo chake kunaweza kukula siku mbili. Sababu yake ni hii: hataki munyoo, anakula mboga.

Ninakaa Wollongong, muji wa pwani katika New South Wales, inchi ya Australia, kama kilometre 80 kusini mwa Sydney. Musifikiri ni muji wa watu wa kupumzika tu. Milima iliyo nyuma yetu imechimbwa makaa ya mawe tangu karne ya 19. Mwaka 1887 shimo la Bulli liliua watu 81, na mwaka 1902 shimo la Mount Kembla liliua watu 96. Pale Port Kembla kuko tanuru za chuma, ya kwanza iliwashwa mwaka 1928. Tena kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kimuneya chake kilikuwa na urefu wa karibu metre 200. Tulipofika mwaka 2013 kilikuwa kingali kimesimama, na mimi mutoto wa kampi ya watumikaji, nilipokiona mara ya kwanza nilisema: basi, hata hapa kuna watu kama sisi. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, walikiangusha. Ni juu ya hii ninawaandikia ninyi, jamaa za migodi, habari ya samaki wa bahari.

Samaki yenyewe inaitwa luderick. Jina hilo limetoka katika lugha ya wenyeji wa Gippsland, upande wa Victoria. Watu wa New Zealand wanaiita parore. Iko rangi ya majivu, na mistari myeusi inashuka ubavuni kama mutu amechora na makaa. Kinywa chake ni kidogo, na meno yake ni mafupi ya kukwangua mawe. Inakata majani ya bahari kama mbuzi anavyokata nyasi. Wakati mwingine itakula kidudu ao kamba mudogo, lakini mwenye kutaka kuivua kwa hakika anatafuta majani.

Nitaeleza namna nilivyoingia katika mambo haya. Mimi ninafanya kazi ya usiku, kusafisha maofisi. Mama ya watoto anafanya kazi muchana. Mutoto wetu wa kwanza, mwaka 2018, alikuwa na miaka 14. Tulipotoka kwetu alikuwa kadogo, tukapita Zambia, tukakaa kule miaka katika kambi, na Kiswahili alikisema vizuri. Hapa masomo ni Kiingereza, marafiki ni Kiingereza, telefone ni Kiingereza. Mimi ninamuuliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa neno moja la Kiingereza. Hakuwa mutoto mubaya. Hakupigana, hakuiba, masomo alipita. Lakini tulikuwa tunakula ku meza moja kama watu wawili walioketi pamoja ndani ya bisi, kila moja anangojea mahali pake pa kushuka. Wazazi wengi walio ngambo watanielewa. Na ninyi mulio Kolwezi ao Likasi, wenye watoto wanaorudi na lugha zingine na mambo mengine kichwani, mutanielewa vilevile.

Jirani wetu ni muzee moja aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, katika makaa. Magoti yake yamekwisha. Siku moja alikuja ku mulango akauliza kama kijana wangu angeweza kumusaidia kwa kazi ndogo. Alisema: "Ninataka magoti mazuri. Ya kwangu niliyaacha ndani ya shimo." Kazi yenyewe ilikuwa kukata majani ya chambo ndani ya mifereji, pale mutu anapopaswa kuchuchumaa. Mutoto alinitazama kama kunilaumu. Nilisema: "Tutakwenda wote wawili."

Ilikuwa mwezi wa sita. Huku vilevile mwezi wa sita ni baridi, sawa na kwetu, na ndiyo wakati samaki hii inatoka ndani ya maziwa na vinywa vya mito, inapita kando ya pwani kwa makundi.

Muzee alitufundisha njiani. Kuko majani ya namna mbili. Ya kwanza ni membamba kama nywele, ya kijani, laini ukiyapapasa. Yanaota pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi: mwisho wa mufereji, pembeni ya ziwa ambamo bahari inaingia, chini ya mwamba unaotoa maji kidogo kidogo. Ya pili ni mapana na membamba kama karatasi, yanafanana na majani ya saladi. Hayo yanaota juu ya mawe ya bahari, pale mawimbi yanapopiga. Ya nywele ni kwa maji yaliyotulia, ya saladi ni kwa maji ya mawe. Zamani wenye elimu waliyapa majina mawili ya ukoo, Enteromorpha na Ulva. Mwaka 2003 uchunguzi ulionyesha kwamba ni ukoo moja tu, Ulva. Mara nyingi basi mutu anayeloba ziwani na mutu anayeloba ku mawe wanatumia ndugu wa nyumba moja.

Mahali pa kwanza tulipofika palikuwa mufereji mukubwa karibu na viwanda. Loo, majani! Yalifunika saruji yote, marefu kama ndevu. Mutoto wangu alikwisha kuvua viatu. Muzee akainua mukono: "Hapana, hapa hatuchukui." Mutoto akauliza sababu, na muzee akajibu: "Jani hili halina mizizi ya kuchagua. Linakunywa kwa mwili wote. Kila kitu kilicho ndani ya maji, nalo linacho. Samaki atakula, na wewe utakula samaki."

Ni kweli. Wachunguzi wa maji wanatumia majani haya kama mashahidi: wanayakata, wanayapima, wanajua kama maji yana shaba, zinki ao risasi nyingi. Lakini mimi sikuhitaji kipimo. Pale kampini kulikuwa kijito chini ya nyumba zetu. Siku maji yaliposhuka na rangi nyekundu kutoka upande wa kuosha mawe, mama yangu aliinua ndoo, akaenda mbali kwa maji ya kisima. Alikuwa anasema lengalenga haina akili ya kutapika. Ile siku, pale ku mufereji, nilimwambia mutoto maneno haya ya nyanya yake, kwa Kiswahili. Alicheka. Akauliza: "Papa, lengalenga ni nini?" Lengalenga! Mutoto aliyelelewa na lengalenga! Nikamweleza paka tulipofika mahali pa pili.

Mahali pa pili tulikuta majani yamekauka, yamekuwa meupe. Muzee alisema jua kali na maji kupunguka yanayaua, na mvua kubwa nayo inayangoa yote, inayapeleka baharini. Kwa hiyo mwenye kuvua samaki hii anatazama mbingu siku nyingi mbele. Mvua kidogo, kisha jua kidogo, ndiyo dawa.

Mahali pa tatu palikuwa padogo sana, mutu angepita bila kupaona. Maji ya uwanja wa mpira yanatoka kwa bomba, yanatiririka juu ya mawe manne ao matano, yanaingia ndani ya Lake Illawarra. Juu ya mawe yale kulikuwa majani membamba, ya kijani kibichi, laini kama nywele za mutoto. Muzee akafurahi sana. Akampa mutoto makasi akamwambia: "Kata, usingoe. Acha shina ku jiwe. Ukingoa leo, mwezi ujao utakuta jiwe tupu, na mwenzako vilevile." Mutoto alichuchumaa zaidi ya saa moja. Hakugusa telefone. Tulijaza mufuko moja mudogo, si zaidi.

Kisha kuko kazi ya kuchunga. Majani yanasuguliwa ndani ya maji ya pale pale ili muchanga utoke. Yanakamuliwa polepole, yanafungwa ndani ya kitambaa kibichi ao gazeti lililolowa, yanawekwa mahali pa baridi. Ukiyaacha ndani ya mufuko wa plastiki ku jua, yanaoza na kunuka, na samaki atayakimbia. Ndani ya frigo yanakaa siku kadhaa. Mama ya watoto aliyakuta pembeni ya maziwa akauliza kama ni sombe ya wapi. Ile siku tulicheka nyumba nzima.

Kuvua kwenyewe ni hivi. Fimbo ni ndefu, metre tatu ao zaidi. Juu ya uzi kuko kijiti chepesi kinachosimama ndani ya maji, na chini yake vipande vidogo vya risasi vya kukizamisha paka kibaki ncha tu. Ndoano ni ndogo. Unachukua nyuzi chache za majani, unazizungusha ku ndoano, unazifunga, unaacha mukia mufupi unaocheza. Majani mengine unayakatakata, unayachanganya na muchanga wenye maji, unayatupa kidogo kidogo ili samaki wakusanyike. Muchanga unayazamisha majani, nao samaki wanayafuata. Sasa unatazama kile kijiti. Samaki huyu havuti kama mwizi. Anachukua polepole. Kijiti kinatikisika, kinasimama, kinaanza kushuka. Ukivuta upesi, unamunyanganya chakula kinywani. Ngoja kijiti kipotee kabisa, ndipo inua fimbo bila hasira.

Muzee alimwambia mutoto wangu: "Hesabu." Na mutoto akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alihesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Sikusema kitu. Sikutaka kuharibu.

Tulirudi na samaki wanne. Serikali ya New South Wales inataka kila luderick iwe na urefu wa sentimetre 27 ao zaidi, na mutu moja asichukue kupita 10 kwa siku. Mwenye miaka 18 ao zaidi analipa ruhusa ya kuvua, isipokuwa watu fulani waliosamehewa. Muzee alikuwa na kipimo ndani ya mufuko, na samaki moja mufupi alirudishwa ndani ya maji. Mutoto alisikitika, lakini aliona kwamba hakuna polisi aliyesimama pale. Muzee alifuata sheria peke yake.

Sasa habari ya mawe. Majani mapana ya saladi yanaota mahali mawimbi yanapopiga, maana yake mwenye kuyakata anasimama mahali pa hatari. Watu wengi wamekufa pwani hii wakivua juu ya majabali, na kati yao kuko wageni wengi waliotoka inchi zingine, wasiojua bahari. Sisi watu wa bara tunafikiri maji yaliyo chini yatabaki chini. Bahari haiko hivyo. Inaweza kutulia dakika ishirini, kisha wimbi moja linapanda juu ya jabali lote. Mwaka 2016 bunge la New South Wales lilitunga sheria ya koti la kuelea kwa wanaovua juu ya mawe ya bahari, nayo inatumika katika maeneo yaliyotajwa. Muzee hakungojea sheria. Alitukalisha mbali, akasema: "Kwanza tutatazama maji nusu saa. Kama jabali limelowa, jua kwamba wimbi limefika pale." Jabali lilikuwa limelowa. Tulirudi nyumbani bila majani na bila samaki. Mutoto alinungunika njiani. Nilimwambia kwamba kwetu, ndani ya migodi, mukubwa wa kazi mwenye akili alikuwa anagonga jiwe la juu mbele ya kuruhusu watu waingie. Likilia vibaya, hawaingii, hata kama siku ile hawatapata kitu. Ndipo mutoto akaniuliza habari za babu yake, ambazo hakuwa ameziuliza siku hata moja. Njia ya kilometre sita tulikwenda tukizungumuza.

Pahali tunaposali kuko mama moja wa Mombasa. Nilipomwonyesha majani yetu alisema: "Hayo si mageni kwetu." Wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania wanatega samaki anayeitwa tafi, wengine wanamwita tasi, ambaye naye anakula majani ya bahari. Wanafuma mitego inayoitwa madema, ndani yake wanatia mwani, ndilo jina lao la majani haya, na samaki anaingia mwenyewe. Tena wanamushika kwa uangalifu, sababu miiba yake ina sumu inayouma sana. Basi elimu hii si ya wazungu peke yao. Mutu yeyote aliyekaa karibu na maji na kuyatazama vizuri ameipata.

Kwa mama wa jikoni: watu wengi hapa wanasema luderick ina harufu ya matope. Kosa ni la mutengenezaji. Samaki akitoka ndani ya maji, umuue upesi, umutoe damu pale pale, uondoe matumbo bila kungojea. Ndani ya tumbo kuko ngozi nyeusi nyembamba. Uisugue paka iishe, ndiyo inayoleta ubaya. Kisha kaanga, ao pika na tomati na kitunguu. Kwa bukari, haishindwi na samaki ya Lufira.

Sisemi kwamba majani ya bahari yaliponyesha nyumba yetu. Mutoto bado anasema Kiingereza na wandugu zake, na kuna siku tunakosana kama wazazi wote. Lakini kazi ya kutafuta chambo ilitupa saa ambazo hatukuwa nazo. Samaki akifika, kila mutu anatazama samaki. Wakati wa kutafuta, munatembea, munainama, munaulizana: hapa pako nini, maji haya yanatoka wapi, nani amekata hapa mbele yetu. Katika maulizo hayo Kiswahili chake kilirudi, neno kwa neno. Leo yeye ni kijana mukubwa, anafanya kazi. Muzee hawezi tena kushuka ku maji. Siku ya posho, mutoto anapita ku mawe yale ya uwanja wa mpira, anakata, anafunga ndani ya gazeti, anapeleka kwa wazee wawili watatu wanaoloba wakikaa ku kiti. Kisha ananipigia telefone: "Papa, majani iko muzuri leo."

Vijana wa Kolwezi, Likasi, Kambove na Kipushi, ninyi hamuna bahari, lakini muko na Lualaba, na Lufira, na ziwa Tshangalele. Mbele ya kutupa ndoano, mujiulize samaki wa pale anakula nini, na chakula chake kinaota wapi. Tena mupande juu kidogo, mutazame maji yanatoka upande gani. Kama yanatoka mahali pabaya, murudi na ndoo tupu, na muwaambie wadogo wenu. Na kama munajua chambo kingine ambacho wazee walitumia mbele ya munyoo na bukari, muandikie gazeti hili. Mutoto wangu ameomba kujua.